Oveni ndogo ya kempa inaunguza keki chini na katikati bado ni uji, nisaidieni kabla ya Desemba

Kempa_ya_Lanet

Wadau wa barabara hamjambo. Niko na swali refu kidogo, vumilieni. Mimi na mzee tuko na kempa, ni Hiace ya paa refu tulinunua ikiwa imeshajengwa ndani, kitanda, sinki, kafriji, na karibu na mlango kuna kuka ndogo ya gesi, ile Wamarekani wanaweka kwa magari yao ya kulala, moto tatu juu na kaoveni chini. Hizo moto za juu ziko sawa kabisa, chai, ugali, sukuma, hakuna neno. Shida ni oveni.

Mimi huoka, si biashara lakini huoka, na nyumbani hapa Lanet keki yangu haijawahi kunitia aibu mbele ya wageni. Sasa hii ya gari, ukiweka keki harufu ya kuungua inaanza kabla hata juu haijashika rangi, unatoa unapata chini nyeusi ti, pembeni imeiva, katikati uji. Mkate wa maziwa vilevile, chini ni gome tupu. Nikipunguza moto inakaa humo mpaka inakauka na bado juu ni nyeupe. Nobu iko na namba za Fahrenheit lakini hizo nimebadilisha na simu, kwa hivyo sio hapo.

Kwanza, hii ni tabia ya hizi oveni ama yangu ni mgonjwa? Pili, nikiwasha pailoti, kale kamoto kadogo ka kuwashia, inashika vizuri, nikizungusha nobu iende kwa joto kunakuwa kimya, kimya, kimya, halafu ghafla moto unashika na sauti ya vuup, watoto wanapiga nduru na moyo wangu unaruka. Tatu, Desemba tunaenda Kakamega kupitia Eldoret, halafu Kisumu, turudi na njia ya Kericho, na tutalala kwa boma ya shangazi ya mzee pale karibu na Timboroa. Mnajua ile baridi. Mzee anasema tutawasha oveni tuache mlango wake wazi itupashe usiku. Mimi roho inakataa lakini sina maneno ya kumwambia.

Shemeji yangu anasema tuing'oe tuweke droo ya viatu. Sitaki kukubali haraka hivyo.

---

fundi_wa_bluu

Dada karibu. Mimi ni fundi wa gesi hapa Nakuru na hizo kuka za kempa watu huniletea mara kwa mara. Oveni yako si mgonjwa, ndivyo zilivyo.

Toa ile sahani ya chuma iko chini ndani ya oveni uone. Utapata bomba moja tu lenye matundu, moto unawaka mstari mmoja katikati. Hakuna moto juu, hakuna feni ya kuzungusha hewa. Ile sahani ndio inafaa kusambaza joto lakini ni bati jembamba, pale juu ya mstari inapata moto vibaya sana na pembeni inabaki nyuma. Na oveni yenyewe ni fupi, kutoka kwa hiyo sahani mpaka rafu ni inchi chache tu. Kwa hivyo chini ya keki inapigwa na joto la chuma moja kwa moja wakati hewa ya juu bado inajaribu kupata joto. Oveni yako ya nyumbani ina nafasi kubwa na pengine moto wa juu, huwezi linganisha.

Dawa yake ni kuweka kitu kizito kati ya moto na keki. Jiwe la pizza likipatikana, ama kigae cha udongo kisichopakwa glezi ya kung'aa, kile chekundu. Unaweka juu ya ile sahani ama kwa rafu ya chini kama ziko mbili, na muhimu, usijaze oveni ukuta kwa ukuta, acha kama inchi moja kila upande hewa ya moto ipande juu. Kile kigae kinameza ule moto wa katikati kinautoa pole pole kote. Halafu keki inaenda kwa rafu ya juu, juu kabisa bora isiguse dari ikifura.

Lakini ukishaweka kigae usiwashe uweke keki saa hiyo hiyo. Subiri dakika 20 mpaka 30, kigae kishike joto. Watu wengi wanakosea hapo, wanaona nobu imesema 350 wanadhani ndani ni 350. Nunua kile kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni, bei yake si kitu, na uamini hicho, nobu ichukulie kama maoni tu. 350 ya Fahrenheit ni kama 177 ya Selsiasi, yaani ile 180 ya resipe zetu. 325 ni 163, 400 ni 204.

Na dada TAFADHALI usitandike foili kwa sakafu ya oveni ukidhani unazuia kuungua. Foili inaziba matundu ya hewa, moto unakosa hewa safi unaanza kutoa ile gesi ya kuua.

Vuup nitakujibu baadaye kuna mteja hapa.

---

dere_wa_Burnt

Mimi niko upande wa shemeji 😂 ng'oa hiyo kitu. Mimi hupeleka wageni safari na gari la kupiga kambi na sijawahi kuhitaji oveni. Sufuria kubwa nzito, mchanga msafi kavu chini vidole viwili, kakigingi ama kifuniko cha chupa cha chuma katikati, sufuria ya keki inakaa juu yake, funika, weka jiwe juu ya kifuniko. Mama zetu waliokea harusi nzima na hiyo. Ukitaka juu ishike rangi weka makaa kidogo juu ya kifuniko, nje ya gari lakini. Oveni ni ya watu wa kujionyesha.

---

MamaKeki_Kaka

Dere wewe na mchanga wako. Kweli inaoka, hata mimi nilifundishwa hivyo, lakini hebu hesabu. Mchanga unachukua nusu saa kupata joto kwa gesi, ukimaliza unabaki na kilo za mchanga wa moto ndani ya gari na watoto wanapita, na ukitaka kusonga huwezi mpaka upoe. Nje kwa kambi sawa. Ndani ya Hiace hapana, labda uwe peke yako.

Dada wa Lanet mimi huoka kwa kuuza hapa Kakamega na nimeishi Nakuru pia, kwa hivyo nikuongezee jambo ambalo fundi hajagusa. Nakuru iko juu, kama mita 1,850. Hapo maji yanachemka karibu digrii 94, sio 100. Hewa ni nyepesi, kwa hivyo beking poda inafurisha keki haraka kupita kiasi, keki inapanda kabla ukuta wake haujashika, halafu inaanguka katikati. Nyumbani umeshazoea pengine unapunguza bila hata kufikiria, lakini ukitumia resipe ya YouTube ya mtu wa Uingereza ndani ya oveni ambayo tayari haina joto la juu, utapata tu hiyo shimo ya uji. Mimi nikiwa Nakuru kila kijiko cha chai cha beking poda napunguza robo, sukari natoa kijiko kikubwa kimoja kwa kila kikombe, maziwa naongeza vijiko viwili vitatu vikubwa, na joto napandisha kidogo, kama digrii 15 mpaka 25 za hiyo Fahrenheit yako. Ukishuka Kisumu, mita 1,130 hivi, unarudi karibu na resipe kamili. Timboroa sasa, zaidi ya mita 2,700, huko mimi singeoka keki, ningeoka viazi na kuku.

Na usitumie unga wa self-raising ukiwa juu. Huo tayari umetiwa poda kiwandani, huwezi kupunguza. Nunua unga wa kawaida wa ngano ujipimie.

Kopo nalo. Nyeusi linavuta joto, linaunguza chini. Tumia la alumini linalong'aa, la inchi sita ama saba, unga usipite nusu. Kikubwa hakitaiva katikati hata uombe. Mimi ningefanya keki mbili ndogo badala ya moja kubwa. Ikifika nusu ya muda geuza kopo nyuma mbele, lakini haraka, kila ukifungua mlango oveni ndogo inapoteza joto lote.

---

fundi_wa_bluu

Nimerudi. Mama Keki amesema vizuri, sikuwa nimefikiria urefu wa mlima.

Vuup. Hizo oveni nyingi za Marekani ziko hivyo kwa makusudi. Pailoti ni ndogo, ukizungusha nobu kwenda joto, pailoti inarefuka kwanza, inalamba kimrija fulani cha shaba, na kile kikishapata joto ndio valvu ya usalama inafungua gesi ya moto mkubwa. Ndio maana kunakuwa kimya. Nusu dakika mpaka dakika moja na kidogo ni kawaida. Vuup ndogo ni sawa. Ikiwa ni BUUF ya kufungua mlango wa oveni, hiyo si sawa, ujue gesi inajikusanya kabla ya kushika, mara nyingi matundu ya bomba yamezibwa na kutu ama buibui karibu na pailoti. Zima, acha ipoe, safisha na brashi laini. Usichokore na sindano ukapanua tundu.

Na wakati wa kuwasha pailoti shikilia nobu imebonyezwa sekunde kama 20 ama 30 ndio uachilie, la sivyo itazimika. Ukisikia harufu ya gesi na moto haujashika usijaribu tena na kiberiti. Funga mtungi, fungua milango yote, toka, subiri.

Nauliza, moto ni rangi gani? Na gesi umeunga vipi, mtungi gani?

---

Kempa_ya_Lanet

Asanteni sana, naandika yote kwa daftari. Fundi nimeangalia usiku taa zikiwa zimezimwa. Moto ni buluu lakini ncha zake ni njano, na nikigusa chini ya kopo kuna masizi kidogo. Mtungi ni wa kilo 6, uko ndani ya kabati ya nyuma, na mpira unaenda mpaka kuka. Aliyetuuzia alisema kilo 6 ni rahisi kubadilisha popote.

---

fundi_wa_bluu

Njano na masizi ni hewa haitoshi. Kwa mdomo wa bomba la moto, pale linaposhika jeti ya kutolea gesi, kuna kifuniko kidogo cha bati unazungusha kufungua hewa zaidi. Legeza skrubu yake, fungua kidogo kidogo mpaka njano iishe, lakini moto usiruke kutoka kwa bomba na usivume. Kuna sababu mbili kwako: gesi yetu hapa ni mchanganyiko wa propane na butane wakati hizo kuka zilitengenezewa propane, na pia uko juu ambapo hewa ni nyepesi. Ukienda Timboroa angalia tena.

Sasa mtungi. Sikiliza vizuri. Kilo 6 ile ya kuwekea bana juu moja kwa moja haina regyuleta, ile bana inakula presha ya mtungi yenyewe. Ukiunga mpira hapo bila regyuleta unapeleka presha kubwa kwa kuka ambayo inataka kama milibaa 27 tu, zile inchi 11 za maji wanazoandika kwa kibandiko. Angalia kama kati ya mtungi na mpira kuna regyuleta ya presha ya chini, imeandikwa milibaa 28 ama 30. Kama hakuna, usiwashe tena mpaka iwekwe. Moto mkali kupita kiasi unaweza kuwa hiyo ndio sababu nusu ya keki yako inaungua!

Kabati nayo, je, ina tundu chini linaloenda nje? Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka inalala sakafuni kama maji, haipandi. Lazima kuwe na tundu sakafuni la kuitoa nje na kabati iwe imezibwa upande wa kitanda. Ukimaliza kuunga paka povu la sabuni kwa kila kiungo, ukiona mapovu yanafura hapo panavuja. Mpira ukianza kupasuka ama kukauka badilisha, usingoje.

Na jaza mtungi kwa wauzaji wenye leseni. Sisi sote tuliona moto wa gesi wa Embakasi, Nairobi, wa Februari 2024.

---

Kempa_ya_Lanet

Regyuleta iko, nimekimbia kuangalia saa hii, imeandikwa 30. Uff. Lakini tundu la sakafu silioni, nitaleta gari kwa fundi.

---

sola_Kondele

Niulize tu, kwa nini msiweke kaoveni ka umeme? Watu wengi wananiuliza nikiwafungia sola hapa Kisumu. Basi najibu mwenyewe: kaoveni ka meza kanakula kama wati 1,500. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni ampea 125 kabla hujahesabu inachopoteza inveta. Betri ya ampea 100 ni kilowati-saa 1.2 tu, keki moja na betri kwisha, taa na friji zikae gizani. Ukipaki mahali kuna stima ya kuchomeka sawa. La sivyo oveni ni kazi ya gesi, betri iachie taa na simu.

Gesi kwa oveni ndogo hata haili sana. Moto wake ful ni kama kilowati mbili, hiyo ni gramu 150 na kitu za gesi kwa saa, na haikai ful muda wote. Mtungi wa kilo 6 unakupeleka mbali.

---

MamaKeki_Kaka

Hakuna amejibu hilo swali la Timboroa na ndilo linanitisha kuliko keki zote.

Dada mwambie mzee HAPANA. Oveni si hita. Inakula hewa ya ndani, na gari ni dogo, mmelala, madirisha mmefunga kwa sababu ya baridi, moto unakosa hewa unatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haikuwashi macho. Unapata usingizi mzito na kichwa kuuma, na wengine hawaamki. Ni ile ile inaua watu kila mwaka wakilala na jiko la makaa ndani ya nyumba, tunasoma kwa gazeti kila msimu wa baridi. Hata jiko la makaa likionekana limezima msiliingize kwa gari.

---

dere_wa_Burnt

Hapa na Mama Keki tuko pamoja mia kwa mia. Mimi natoka huko juu, najua baridi ya Timboroa, asubuhi nyasi ni nyeupe. Mnachofanya ni chupa za maji moto chini ya blanketi, soksi mbili, na shangazi atawapa blanketi ya kuongeza, hao hawakosangi. Kwanza kwa nini mlale kwa gari na shangazi ako na nyumba na atawasha moto jikoni mpaka usiku wa manane 😂 atakasirika hata.

---

Kempa_ya_Lanet

Nimemsomea mzee yote kwa sauti. Amenyamaza. Halafu akasema "basi tutalala kwa shangazi." Imeisha hiyo.

---

fundi_wa_bluu

Vizuri. Ongeza kengele mbili, ni vitu vidogo vya betri. Ya gesi inakaa chini karibu na sakafu, kwa sababu nilisema gesi inashuka. Ya kaboni monoksaidi inakaa kwa urefu wa kichwa mkilala. Na kila ukioka hata mchana fungua dirisha moja na tundu la paa.

Ukiendesha, mtungi umefungwa kwa valvu yake. Pailoti isiwake barabarani, na ukiingia petroli steshoni ndio kabisaa.

---

Nyar_Dunga

Eti fungua dirisha 😅 njooni Dunga jioni mfungue dirisha na taa imewaka, wale wadudu wa ziwa watawajazia keki badala ya zabibu kavu. Weka wavu dada, wavu mdogo wa matundu madogo sana kwa dirisha na kwa tundu la paa, sio ule wa mbu wa kawaida ulio na mashimo. Na oka kabla jua halijazama. Ama asubuhi saa kumi na mbili, Kisumu mchana hiyo oveni itageuza gari kuwa mahali pa kukaushia omena. Mimi na mume wangu tuko na gari kama hilo na hatuwashi oveni kati ya saa nne na saa kumi, tunaoka nyingi asubuhi, mkate na viazi vitamu pamoja, joto moja linatumika mara mbili.

Viazi vitamu vya Kabondo, osha usimenye, toboa kwa uma, weka kwa rafu. Hiyo ndio kitu hii oveni inafanya bila kulalamika. Kuku pia vipande, sio mzima. Ndizi za kuiva nazo ndani ya ganda lake. Ukiwaza keki tu utaichukia hiyo oveni, inajua vitu vingine.

---

Kempa_ya_Lanet

Nyar Dunga asante. Samaki je? Mzee akifika Kisumu lazima ale ngege, na nimeogopa harufu italala na sisi kwa godoro mpaka Kericho.

---

Nyar_Dunga

Itawalalia kweli ukiweka wazi. Funga samaki kwa foili, nyanya, kitunguu, dania, ndimu, chumvi, pinda foili vizuri pande zote, iweke ndani ya trei yenye kingo kwa sababu lazima itatoa mchuzi na mchuzi ukidondoka kwa ile sahani ya chuma utanusa mpaka Pasaka. Foili ya kufunga chakula haina shida, ni ile ya kutandika sakafuni fundi amekataza. 375 hivi, dakika 25 mpaka 30 kwa samaki wa saizi ya sahani. Ukimaliza fungua foili NJE ya gari, mle huko huko nje kwa viti, na ile foili isilale ndani.

Wa kukaanga mle pale Dunga kwa wenye vibanda, msijisumbue na mafuta ndani ya gari.

---

dere_wa_Burnt

Ukipaki kwa kambi ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru usioke kabisa ama uoke ukiwa umesimama hapo na fimbo. Nyani wanasikia harufu ya keki kabla yako. Nimeona mmoja akitoka na mkate wote kwa mlango wa nyuma wageni wakipiga picha.

---

Kempa_ya_Lanet

😂😂 Nimejaribu leo hapa kwa kiwanja. Nilipata vigae viwili vya udongo kwa mwenye kuuza vitu vya ujenzi, nikakata na fundi vikaingia vikiacha nafasi pembeni. Nikafungua hewa kidogo, njano imeisha. Nikapunguza poda na sukari vile Mama Keki alisema, kopo la inchi sita. Chini imekuwa rangi ya chai, sio nyeusi. Katikati imeiva! Lakini imeinama, upande mmoja mrefu upande mwingine mfupi, watoto wanaiita keki ya Menengai.

Na kuna mtu anajua kama jiwe la Kisii, lile laini la kuchonga, linaweza kutumika badala ya kigae? Hivi vigae vinagongana nikiendesha, vitapasuka kabla tufike Salgaa.

---

fundi_wa_bluu

Hiyo kuinama sio oveni, ni gari. Umepaki kwa mteremko. Weka pimamaji juu ya rafu ya oveni yenyewe, sio sakafuni kwa gari, kisha weka ubao chini ya gurudumu la upande wa chini mpaka povu likae katikati. Friji yako pia itakushukuru.

Jiwe la Kisii, lile wanachonga Tabaka, aina hiyo ya jiwe inajulikana kwa kushika joto muda mrefu. Lakini chukua kipande ambacho hakijapakwa rangi wala nta, zile za kuuzia watalii zimepakwa. Na mara ya kwanza lipashe pole pole sana, moto mdogo, kwa sababu likiwa na unyevu ndani na ulipashe ghafla linaweza kupasuka. Lisiwe nene kuliko inchi moja, la sivyo utasubiri mpaka kesho.

Jiwe ama kigae, ukiendesha TOA. Funga kwa taulo uweke chini kwa sakafu mahali halitasonga. Na mlango wa oveni ufunge na kamba ama mpira, yale matuta ya Salgaa yanaufungua wenyewe. Rafu pia zitapiga kelele, weka kitambaa kati yao. Halafu ujizoeshe kuangalia ndani kabla ya kuwasha, kwa sababu kila mtu mwenye kempa anaficha sufuria na mifuko ya plastiki ndani ya oveni, usiniambie wewe hufichi.

---

Kempa_ya_Lanet

...mna kamera kwa gari langu? Chapati pani ziko humo saa hii.

---

MamaKeki_Kaka

😂 Toa. Na mkija Kakamega nitumie meseji hapa, nitawapa kopo mbili za inchi sita ninazo za ziada. Lakini kwanza pima mlango wa oveni, sio ndani, mlango. Hizo oveni ndani ni pana kuliko mdomo wake na watu wananunua trei inakataa kuingia. Pima pia urefu kutoka rafu ya juu mpaka dari ukiwa na kigae ndani, unitumie hizo namba mbili.

---

Kempa_ya_Lanet

Mdomo inchi 15 na nusu, kutoka rafu hadi dari inchi 5 kasoro.

---

MamaKeki_Kaka

Basi kopo la kimo cha inchi mbili, sio tatu. Zote mbili zitakaa pamoja ubavu kwa ubavu na nafasi itabaki katikati. Nakuwekea.